Mafuta Yaliyookolewa

Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu. Bado napigiwa na watu nisiowajua, waliopewa namba na mtu aliyepewa na mtu, na kabla salamu haijakaa vizuri wananiuliza, "Fundi Mwajuma, jenereta inakula lita ngapi kwa saa?" Swali hili limeniudhi miaka yote niliyofanya kazi, na kustaafu hakujanipunguzia hasira hata kidogo. Ni kama kumwuliza mama ntilie atasonga unga kiasi gani bila kumwambia wanakuja kula watu wangapi. Mimi huwajibu kwa swali, "Umeifungia nini?" Wengi hukata simu, wakamtafuta fundi mwingine atakayewapa namba wanayoitaka.

Vijana wa karakana, mliniomba niwaandikie ya kazini. Ya vyeo na mishahara waulizeni watu wa utumishi, wanayajua kuliko mimi niliyekuwa nikiyangoja. Mimi nitawaandikia jinsi ya kukadiria gharama za jenereta ya akiba, na kwa nini makadirio ya jenereta moja huko ufukweni bado yamenikwama kooni kama mwiba wa mgebuka, samaki wa ziwa letu. Msitegemee maneno matamu. Hayo niliyamaliza siku ya kuagwa, mbele ya keki.

Nilizaliwa Ujiji, nikasomea ufundi umeme, nikaripoti karakana mjini Kigoma wakati mji wote ukiishi kwa dizeli. Watu wa stoo waliponiona siku ya kwanza walinikabidhi ufagio. Hawakuwa na nia mbaya, walidhani nimeletwa kufanya usafi, maana fundi wa kike walikuwa hawajamwona. Nikasimama na ufagio wangu kama askari aliyepewa bunduki asiyoijua, mpaka akaja Mzee Feruzi, mkuu wa mafundi wa jenereta, Mmanyema wa Ujiji kama mimi, mfupi, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani.

"Ufagio uweke chini," akasema. "Njoo usimame hapa uangalie moshi."

Nikasimama nyuma ya jenereta, nikatazama bomba la moshi hadi wakati wa chakula. Akaja akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona moshi. Akasema, "Rudi." Mchana nikarudi kusimama, macho yakinichonyota, na safari hii nikaona kwamba pampu ya maji ikiwashwa moshi hubadilika kuwa mweusi kidogo, kisha hutulia, na pampu ikizimwa unakuwa mwembamba. Nilipomweleza hivyo, Mzee Feruzi hakunisifu. Alinipa kitambaa nifute mikono, akasema, "Jenereta haili saa, mwanangu. Inakula mzigo. Na usipoipa mzigo, inajila yenyewe."

Maneno hayo nimeyarudia kwa watu wengi wenye suti, na wengi wao walitabasamu wakadhani ni methali. Si methali, ni ufundi. Injini ya dizeli iliyotengenezwa kubeba mzigo mkubwa, ukiiachia taa mbili na friji, haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda ndani, oili inachafuka, na baada ya muda bomba la moshi linaanza kudondosha uchafu mweusi mzito. Hapo umechoma mafuta na umeua mashine, na katika makadirio yako hakuna mahali ulipoandika kifo.

Mzee Feruzi alinifundisha kukadiria kwa kutembea. Alisema mafuta yafuate kwa miguu tangu pampu unayonunulia mpaka tangi la jenereta. Nani anabeba pipa kulipeleka mwaloni, kwenye boti? Boti inataka nini? Kiasi gani kinamwagika linapohamishwa, na maji kiasi gani yanaingia mvua ikinyesha pipa likiwa wazi? Halafu uhesabu oili, filta, betri ya kuwashia, na nauli ya fundi siku itakapogoma, maana itagoma. Ukimaliza hayo yote ndipo uulize bei ya lita. Siku hizi naona makadirio yanaanzia kwenye bei ya lita na kuishia hapo hapo, yamechapwa vizuri, yana muhuri, na ni uongo mtupu.

Nikiwa fundi kamili nilizunguka mkoa mzima kwenye majengo ya serikali, na siku za mapumziko nikafanya kazi za watu binafsi. Mwandiga palikuwa na bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni aliyenunua jenereta ya kuweza kuwasha mtaa mzima, akaifungia televisheni, friji moja la soda na taa za korido. Aliniita kulalamika kwamba mashine ni mlevi. Nikamwambia auze ile, anunue ndogo.

"Mama, wageni wakisikia ule mngurumo wanajua hapa pana hadhi," akanijibu.

Baada ya muda mfupi hadhi yake ilikuwa inadondoka kutoka kwenye bomba la moshi, nyeusi na nzito, juu ya saruji aliyoipaka rangi nyekundu. Nilimsafishia injini, akalipa huku akinung'unika, akaendelea vilevile. Huyo sikumkasirikia sana. Alikuwa anachezea mali yake.

Kule Kidahwe mwalimu mkuu mmoja alikuwa na bajeti ya dizeli kwa ajili ya wanafunzi kujisomea, imepangwa vizuri kabisa, ila oili hakuwahi kuiweka tangu mashine ifike. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili kilikuwa kikavu, kama kimefutwa kwa kitambaa. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani na oili nayo inaliwa?" Nikacheka, naye akacheka, lakini wanafunzi walisoma kwa vibatari mpaka muhula ukaisha.

Wanaonitia hasira ni wale wanaochezea mali ya watu wengine kwa kalamu. Wao wana neno lao, dharura. Kwa kuwa jenereta ni ya dharura, wanasema, haiwezi kupangiwa, na isiyoweza kupangiwa inaandikiwa sifuri. Umeme wa gridi ulipotufikia Kigoma nilishangilia kama kila mtu, nikatoka nje nikapiga vigelegele na majirani. Haukupita muda nikaanza kuona mafungu ya mafuta yanafutwa, kana kwamba nguzo haziangukagi na nyaya hazikatikagi. Na vile vijiji vya ufukweni ambako nguzo yenyewe haijafika navyo vikafutiwa, kwa mkupuo mmoja, na mtu ambaye hajawahi kupanda boti.

Sasa nifike kwenye kituo nilichosema. Ni kituo cha afya kaskazini mwa mji, upande wa kwenda Kagunga, na jina lake sitalitaja kwa sababu waliopo leo hawana kosa. Barabara haifiki. Unakwenda kwa boti, milima ikiwa kulia kwako na maji kushoto. Kituo kilikuwa na sola ya taa na friji la chanjo, na kando yake jenereta waliyopewa na wafadhili, kubwa kupita kiasi kama ilivyo desturi ya vitu vya bure. Ilikuwa ikiwashwa asubuhi kupandisha maji kutoka ziwani na kuendesha mtambo wa kuchemshia vyombo vya wodi ya wazazi, na siku za mawingu ikashika kazi ya sola. Chumba cha upasuaji hakikuwepo. Mama aliyehitaji kupasuliwa alipelekwa mjini, na mjini ni safari ndefu ya majini.

Niliitwa huko kwa sababu ya wizi. Jenereta ilikuwa ikiendeshwa na Yoramu, mlinzi wa kituo, Muha wa palepale kijijini, mtu mrefu mkimya aliyekuwa akiifunika mashine kwa turubai kila ikizimwa, kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mtoto. Mjini walikuwa wameona kwamba kuna wiki dizeli inatumika sana na kuna wiki inatumika kidogo, wakati kazi za kituo ni zilezile. Wakahitimisha kwamba Yoramu anauza mafuta. Mimi nilitumwa kuthibitisha ili afukuzwe. Hawakusema nikachunguze. Walisema nikathibitishe.

Niliposhuka botini Yoramu alinipokea mkoba wa vyombo, akaniamkia shikamoo, akatangulia mpaka kwenye kibanda cha jenereta. Nikapima mzigo kwa kipimo changu cha kubana waya, nikapima tangi, nikachungulia mabomba. Hapakuwa na mpira wa kunyonyea wala dumu lililofichwa. Ila sakafuni niliona mabaka meupe, saruji imelika, mstari mzima kandokando ya ukuta. Ile ilikuwa asidi ya betri. Nikamwuliza Yoramu ni betri za nani.

"Andika unachotaka, Mama Fundi," akasema.

Nilimkasirikia na yeye pia. Mtu anatuhumiwa wizi, ametumiwa mtu aliye tayari kumsikiliza, halafu anakaza mdomo. Nikatoka nje kupoza hasira. Nyuma ya kituo palikuwa na vichanja vya kuanikia dagaa, na mwanamke mmoja akiwageuza kwa mikono miwili, haraka na bila kumwaga hata mmoja. Akaniamkia kwa Kiha, "Mwiriwe," kisha akaendelea kwa Kiswahili. Aliitwa Leokadia, mchuuzi wa dagaa, na alikuwa amesikia kila tulichosema maana kibanda hakina dirisha la kufunga.

"Yoramu si mwizi," akasema. "Zile betri ni za wavuvi, za taa za kuvulia dagaa. Siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, zinaletwa hapa asubuhi zichajiwe. Mbalamwezi ikitoka hakuna anayekwenda kuvua, watu wanashona nyavu, hakuna betri."

"Na wavuvi wanamlipa Yoramu kiasi gani?"

"Oya," akakataa, akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la aibu. "Kwani wao wanalipwa?"

Ndipo akanieleza, na ilibidi nikae chini kwenye jiwe ili nisikie vizuri. Pale kijijini mwanamke mwenye uchungu hatozwi nauli. Mvuvi akiitwa anaacha alichoshika, anatia mafuta yake mwenyewe kwenye injini, anampeleka mjini, usiku au mchana. Kuchukua nauli ya mtu anayekwenda kujifungua ni mkosi, na atakayeichukua nyavu zake zitatoka tupu. Hata mganga mmoja wa zamani wa kituo alipojaribu kuwalipa walizirudisha fedha na kuacha kumsalimia kwa muda. Yule mganga alikuwa mtu wa busara. Akawaambia basi leteni betri zenu. Hiyo wakaipokea, kwa kuwa betri haikuwa malipo ya mama yeyote, ilikuwa ujirani. Yoramu aliambiwa asiitangaze mjini, akaahidi, na mganga alipohamishwa Yoramu akabaki na ahadi yake.

Nilirudi kibandani nikamwambia Yoramu najua. Alishusha pumzi ndefu, akaniletea kiti.

Hapo nikafanya kazi niliyosomea. Ile mashine ilikuwa inateseka kwa kukosa mzigo, bomba lake lilikuwa limeanza kulia machozi meusi, na wakati huohuo betri zilikuwa zinachajiwa peke yake mchana, baada ya maji na vyombo kumalizika, na kuifanya ingurume saa nyingi kwa kazi ndogo. Nikapanga upya. Pampu, mtambo wa vyombo na betri vyote viende asubuhi kwa pamoja, betri kwa zamu, na mashine izimwe. Injini ikapata mzigo, moshi ukasafika, na mafuta ya ziada kwa ajili ya betri yakawa kidogo mno. Niliyapima mwenyewe giza zima na mbalamwezi nzima. Kwenye makadirio ya kituo nikaongeza mstari: kuchaji betri za wavuvi, kwa ajili ya usafiri wa wajawazito. Niliueleza ofisini kwa mdomo mpaka wakauelewa, na ulipita. Yoramu hakufukuzwa. Kila mara nilipokwenda kufanya matengenezo Leokadia alinifungia dagaa, nami nilimlipa, kwa sababu dagaa hawana mkosi.

Ikaenda hivyo kwa miaka kadhaa. Kisha akaja afisa mipango mpya. Sitamtaja jina, tulimwita Bwana Mipango, na ninataka niseme wazi kwamba hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa mwaminifu, anawahi kazini, hali rushwa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mwizi ningejua pa kumshika. Aliniita ofisini akanionesha ule mstari wa betri.

"Mama, hii imekaaje? Mafuta ya umma yanachaji betri za wafanyabiashara."

"Ni wavuvi, Bwana Mipango. Ndio wanaopeleka wajawazito mjini."

"Tutawawekea fungu la nauli ya boti. Walipwe kihalali, kwa stakabadhi."

"Hawapokei nauli ya mwenye uchungu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kalamu mkononi, kisha akasema, "Mama, mimi siwezi kuandika mkosi kwenye bajeti. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Nikamwambia pia kwamba mafuta anayoyafuta ni kidogo, kwamba mashine itarudi kukosa mzigo na kuharibika, kwamba aje naye siku moja apande boti aone. Alisema ratiba yake imejaa. Nilipandisha sauti, sioni haya kusema, na watu wa ofisi ya pili walinisikia. Niliwaza kwenda juu yake, nikaenda, na huko juu nikaambiwa kijana anafanya kazi nzuri ya kubana matumizi, na mimi nipumzike kidogo maana siku zangu za kustaafu zinakaribia. Mstari ukafutwa. Kituo kikapelekewa agizo kwamba betri zisizo za kituo zisiingie kibandani, na Yoramu, aliyewahi kuponea chupuchupu, safari hii hakuthubutu.

Wavuvi hawakugoma. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu baadaye palikuwa na waliojaribu kuwabebesha lawama. Hawakukasirika hata kidogo, walisema serikali imeamua. Lakini taa haziwaki kwa kusema hivyo. Kijiji cha pili, mbali kusini, palikuwa na mfanyabiashara anayechajisha betri, na siku za giza zilipoingia wavuvi wote wakawa wanaondoka mchana na boti zao zenye injini, wanachajisha betri, wanavua kulekule, wanarudi siku ya pili. Mwaloni palibaki mitumbwi ya makasia na watoto wakiogelea.

Leokadia alikuwa mjamzito wakati huo. Mara ya mwisho nilipopita kwa matengenezo alinionesha tumbo kwa fahari, akasema baada ya wasichana wawili huyu anapiga mateke kama mwanamume, na akanikataza kumnunulia chochote mpaka atoke salama. Uchungu ulimshika alasiri moja ya siku za giza. Muuguzi alimpokea, akampima, akaona mtoto amelala vibaya na hawezi kutoka bila kupasuliwa. Akaita boti. Hapakuwa na boti. Fedha za nauli zilikuwepo, zimefungiwa kwenye kabati pamoja na kitabu cha stakabadhi, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Yoramu alikimbia ufukweni kote, kisha akapanda kilimani kutafuta mtandao wa kuwapigia wavuvi, akawapata wawili walioanza safari papo hapo, lakini walikuwa mbali. Walipofika na kumfikisha mjini, Leokadia aliokolewa. Mtoto, na kweli alikuwa mwanamume, alikuwa ameshafariki tumboni.

Yoramu ndiye aliyenipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Mama Fundi, ni Leokadia," akanieleza, na nilipokata simu niliiacha skrubu niliyokuwa naifunga, nikatoka nje. Nilimwuliza Mungu mambo mengi siku hiyo, na mengine si ya kuandika hapa.

Kikaitishwa kikao kituoni. Bwana Mipango alipanda boti hatimaye. Alishuka amelowa hadi magotini na uso umempauka, na nasema kweli kwamba sikumwonea huruma. Tulikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa: yeye, mimi, muuguzi, Yoramu, wavuvi kadhaa waliokuja na kofia zao mikononi. Leokadia akaja pia, ingawa hakuna aliyemwita. Alikuwa bado anatembea polepole. Aliketi mwisho wa benchi, akakunja mikono juu ya mapaja.

Bwana Mipango alizungumza vizuri. Alitoa pole, na sauti yake ilikatika katikati, nadhani ilikuwa kweli. Akasema agizo limeondolewa, betri zitarudi kibandani kuanzia kesho, na ule mstari utarudishwa kwenye makadirio. Akaeleza kwamba lengo lilikuwa jema, kwamba katika robo ile kituo kilifanikiwa kuokoa mafuta. Mimi nilikuwa nimefungua kinywa kumjibu, na nilichotaka kusema hakikuwa kizuri. Leokadia akanitangulia.

"Naomba kuuliza," akasema.

"Karibu, dada."

"Hayo mafuta mliyookoa. Mliyapeleka wapi?"

Bwana Mipango akatazama karatasi zake, akamgeukia muuguzi, kisha Yoramu. "Hayakupelekwa popote," akasema. "Nadhani yapo stoo."

"Yapo," Yoramu akasema. "Ni lile pipa lililoletwa kabla ya agizo."

"Nataka kuyaona."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa, na hakuna aliyethubutu kusema hairuhusiwi. Yoramu akatoa funguo. Tukainuka wote tukamfuata kama watu wanaofuata jeneza, Bwana Mipango akiwa nyuma kabisa. Stoo ni chumba kidogo kilichoshikana na wodi ya wazazi. Mlango ulipofunguliwa harufu ya dizeli ikatupokea, na ndani palikuwa na maboksi ya glavu, magodoro mawili ya zamani, na pipa moja la buluu lililosimama kwenye kona. Leokadia akalisogelea. Akaligonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, chini, katikati, mpaka karibu na juu, na mlio ulikuwa uleule mzito wa pipa lililojaa.

Kisha akaweka kiganja ukutani, nyuma ya pipa, akakiacha hapo.

"Kitanda changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta huu," akasema.

Akatoa mkono, akaupangusa kwenye khanga, akatupita mlangoni bila kumtazama yeyote, akaenda kugeuza dagaa wake kabla jua halijashuka.